Mkalimani wa Dada Yake

Deka alifika kituo cha polisi asubuhi, wakati zamu ya usiku ikikabidhi funguo kwa zamu ya mchana. Alikuwa ametoka hospitali. Muuguzi alimpima, akampa dawa, akaandika ya kuandikwa, kisha akamwambia kwa upole kwamba maneno ya hospitali peke yake hayamkamati mtu. Lazima aende polisi akaseme kwa kinywa chake mwenyewe. Basi alikuja kusema kwa kinywa chake, ingawa kinywa chenyewe kilikuwa kimevimba upande mmoja.

Kilikuwa kituo kidogo cha mabati, kando ya barabara ya kwenda Habaswein. Kwenye benchi walikaa wachuuzi wawili wa miraa na mzee aliyeibiwa mbuzi. Nyuma ya kaunta alisimama Konstebo Nyamweya, kijana wa Kisii. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lijulikane mapema ili asitupiwe mzigo usio wake. Alikuwa amekaa Garissa muda wa kutosha kulizoesha sikio lake. Kisomali hakina sauti ya p, kwa hiyo wenyeji humletea habari za besa zilizoibwa, bikibiki zilizogongana na bolisi waliochelewa kufika, naye huirudisha kila b kwenye p yake bila hata kufikiri. Aliujivunia ujuzi huo, na askari wageni aliwafundisha.

"Haya, dada. Shida gani?"

"Nimebakwa," Deka alisema kwa sauti ya chini.

Konstebo akasogeza sikio. "Umepakwa?"

"Ndiyo. Jana. Mtu inaitwa Abdiwahab, ile ya biashara ya mbuzi."

"Amekupaka nini?"

Deka hakulielewa swali hilo. Alidhani Kiswahili cha serikali kina namna yake ya kuuliza mambo. "Amenibaka mimi," akasema. "Kwa nguvu. Mimi nakataa, yeye nabiga mdomo."

Konstebo aliutazama mdomo, kisha macho yake yakashuka kwenye mikono. Ilikuwa imejaa hina nyeusi, maua na majani mpaka karibu na kiwiko. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepata jibu. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

Swali hilo Deka alikuwa amejiandaa nalo njia nzima. "Mimi nabaka hina," akajibu. "Kwa maarusi."

Katika kinywa cha Deka, kupaka na kubaka lilikuwa neno moja. Hakuwahi kulijua hilo, wala hakuna aliyewahi kumwambia.

"Ndiyo hivyo!" Konstebo akasema. "Wewe unapaka hina, na yeye akakupaka kwa nguvu. Alikulipa?"

"Besa hakuliba."

Benchi likaangua kicheko. Mchuuzi mmoja wa miraa akauliza kama siku hizi hata wanaume wanawapaka hina mafundi wao. Konstebo akamkaripia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiuma midomo asicheke. Deka hakuyafuata maneno yote. Alisikia kicheko tu, na kwa kuwa alijua mji unajua nini juu yake, akaamini kwamba wanaicheka kazi yake ile nyingine. Aibu ilimshika mpaka masikio yakavuma. Konstebo aliandika kwamba kulitokea ugomvi wa hina, kofi moja, malipo hayakutolewa. Akamshauri waelewane nyumbani kama watu wazima. Deka akaitikia kwa kichwa, akatoka. Alijua amesema, alijua wameandika, na alijua wamemcheka.

*

Polisi hawakuja. Abdiwahab alionekana sokoni akipakia mbuzi, anatania watu, kofia yake imekaa upande. Kisha, alasiri moja baada ya swala, aliyekuja ni ami yake, Mzee Korane, na fimbo yake na manukato yake, akabisha hodi kwa adabu zote nyumbani kwa kina Deka.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na uwanja wa mchanga. Mama yao, Abshiro, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba kwa jina. Zamani aliuza maziwa ya ngamia sokoni, mpaka magoti yalipokataa. Kadar, mwanawe wa mwisho, alikuwa mkalimani. Mashirika yalimwita kwenye mikutano yao, na mara nyingine alikwenda Dadaab kufanya kazi hiyo kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha kusafishwa kwa mswaki, kila p mahali pake. Na kilichoilisha nyumba, na kilichomsomesha Kadar chuoni mpaka p zake zikakaa sawa, ilikuwa kazi ya Deka. Nyumbani iliitwa hina. Mwezi wa Ramadhani, ambapo hakuna harusi hata moja, hina iliendelea kununua unga, na Abshiro hakuwahi kuuliza ni maarusi gani hao.

Walimkaribisha Korane kwenye mkeka. Chai ikaletwa, yenye maziwa na tangawizi. Walizungumza Kisomali, na kwa Kisomali hakuna aliyekwama.

"Mwanangu Kadar," Korane alianza, maana alimwona Kadar kuwa ndiye mwanamume wa nyumba, "sisi ni watu wa kuzikana. Limetokea jambo kati ya vijana wetu. Vijana wana damu moto. Tumekaa wazee, tumekubaliana tulimalize kwa maslaha. Tunaleta ngamia wawili wa maziwa. Ninyi mnakwenda polisi mnasema mlikosea. Hakuna jina la mtu litakalotajwa tena."

Maslaha ni suluhu ya wazee, na imezima magomvi mengi ya visima na malisho ambayo yangemwaga damu. Kwa mambo ya namna hii, nayo imewazima wanawake wengi. Wazee huketi, ngamia huhama boma, na aliyeumizwa haulizwi kitu.

Deka alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. "Adeer," alisema, kwa heshima ile anayopewa ami, "na Abdiwahab mwenyewe atasema nini?"

Korane hakugeuza kichwa. Alimjibu Kadar. "Abdiwahab hana haja ya kusema. Ndiyo faida ya maslaha."

"Basi atajuaje kwamba alifanya kosa?"

"Kosa!" Sasa Korane aligeuka. "Binti, nimekaa hapa nimemeza maneno mengi kwa ajili ya mama yako, usinilazimishe kuyatapika. Mwanamke aliyejisitiri, huyo akiingiliwa ni kosa, na mimi mwenyewe ningemfunga Abdiwahab kamba. Lakini mwenye kuuza, anaibiwa nini?"

Chai ilipoa. Kadar alitazama mkeka. Abshiro alikuwa akizungusha tasbihi yake bila kuhesabu kitu.

"Mama yangu aliuza maziwa miaka yote," Deka akasema. "Mtu angempokonya kibuyu, akampiga mdomoni, akanywa akaondoka, ungesema hakuiba kwa sababu maziwa yalikuwa ya kuuzwa?"

Korane alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima kwa mtoto. Akaweka kikombe chini, akamsogelea Kadar. "Nitakuambia jambo kwa wema. Wanawake hawa wakienda kortini wataulizwa: unafanya kazi gani? Halafu wataulizwa: nani anakula? Kuna sheria ya Kenya, si yangu mimi. Anayeishi kwa pesa za malaya naye ni mhalifu. Sasa mfikirie mama yako, na magoti hayo, kwenye sakafu ya seli. Nitarudi Ijumaa nipate jibu."

Alipoondoka, manukato yake yalibaki uwanjani. Kadar ndiye aliyeanza.

"Walaal, dada yangu, tuchukue ngamia," alisema. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya hooyo, mama yetu."

"Si kwa ajili yako?"

"Kesho mawakili wanatoka Nairobi. Wanakusanya maoni juu ya mswada wa... wa hiyo kazi. Ihalalishwe au isihalalishwe, wanaoifanya walindwe au wasilindwe. Mji mzima utakuwa ukumbini. Mimi ndiye mkalimani. Nikifanya vizuri, wana nafasi ya kudumu. Nakuomba, Deka. Usije. Usinichafulie jina."

"Jina lako lilisomeshwa na nani?"

Kadar alikuwa kijana mwenye huruma, na huruma yake ilikuwa na mpaka mmoja tu. Alimpenda dada yake, alimbebea maji usiku alipokuwa na homa, aliapa kwa hasira kwamba atamvunja Abdiwahab mguu. Lakini neno la kazi yake hakuwahi kulitamka, wala kwa Kisomali wala kwa Kiswahili, hata akiwa peke yake.

"Afadhali ningewajibu polisi kwa lugha yangu," Deka alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kiswahili chao kimenitupa. Niliwaambia waziwazi, nao wakacheka. Sitakisema tena mbele ya askari."

Abshiro akaacha tasbihi. "Huo mkutano ni wa watu wote?"

"Ni wa watu wote, hooyo, lakini..."

"Basi nitakwenda. Nataka kuisikia hiyo sheria inayonisubiri. Nikikamatwa, angalau nijue nimekamatwa kwa nini. Deka atanishika mkono, siwezi kufika peke yangu."

Alisema hivyo kwa sauti ile aliyokuwa akitajia bei ya maziwa, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuipunguza bei hiyo.

*

Ukumbi ulijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, feni zikizungusha joto lilelile juu ya vichwa. Mbele, nyuma ya meza, alikaa wakili Mutheu, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyetumwa na chama cha mawakili wenzake kuongoza kikao. Pembeni yake walikuwa Sheikh Abdille wa msikitini na mkuu wa kituo cha polisi, yule aliye juu ya Konstebo Nyamweya. Kadar alisimama katikati na maikrofoni.

Alikuwa hodari, na tusimnyime haki yake. Wakili alimpa sharti moja tu kabla ya kuanza. Asiseme "huyu anasema kwamba." Mtu akisema mimi, naye aseme mimi, ili maneno yabaki ya mwenyewe. Na asubuhi yote Kadar alifanya hivyo bila kujikwaa. Sheikh Abdille alipozungumza Kisomali, Kadar aligeuka sheikh.

"Mimi naupinga mswada huu," alisema kwa Kiswahili. "Dhambi haipewi leseni. Tukiihalalisha leo, kesho mabinti wetu wataambiwa ni kazi kama ualimu. Msaidieni mwanamke mwenye njaa apate kazi nyingine. Msiipambe njaa yake."

Watu wakaitikia. Kijana mmoja wa chuo akasimama na Sheng yake ya Nairobi: "Mi naona hivi. Hiyo leseni, zii. But hawa madem wakichapwa, makarao wanafaa waact. Hiyo haiko na haja ya debate." Kadar akaigeuza Kisomali cha heshima, kwamba leseni hapana lakini wanawake wakipigwa polisi wafanye kazi yao, mpaka wazee wakatikisa vichwa, wakimsifu kijana kwa adabu ambazo hakuwa nazo. Mama mmoja mwenye duka akasema yeye hataki kuhalalishwa, lakini anataka wanaume wanaokwenda huko nao watajwe, maana kila siku wanatajwa wanawake kana kwamba wanafanya biashara hiyo na ukuta. Upande wa wanawake ulicheka sana. Upande wa wanaume ulikohoa.

Wakili Mutheu aliwaomba watenganishe maswali mawili. "Kuhalalisha ni swali moja, na mna haki ya kukataa. Swali la pili ni hili. Mwanamke wa kazi hiyo akipigwa, akibakwa, akaja polisi, anapokelewaje? Afande, labda utujibu wewe."

Mkuu wa kituo akavuta kiti. Alikuwa mtu wa tabasamu, na alijua kuuburudisha ukumbi. "Mimi nasema ukweli," alisema kwa Kiswahili. "Tangu niletwe hapa sijapokea hata lalamiko moja la namna hiyo. Garissa haina shida hiyo. Amekuja mwanamke mmoja tu, juzi juzi, fundi wa hina, analalamika eti kuna mtu amempaka kwa nguvu na hakumlipa! Sasa tukitunga sheria, polisi tutakuwa wa kushughulikia hina."

Waliojua Kiswahili walicheka. Waliobaki wakamtazama Kadar wapate kucheka nao.

"Mimi sijapokea hata lalamiko moja," Kadar alianza kwa Kisomali. Akaendelea mpaka kwa fundi wa hina, na hapo ulimi ukagoma. Katika Kisomali neno la kutia hina na neno la kubaka hayafanani hata kidogo, hakuna sikio linaloweza kuyachanganya. Ilibidi achague. Na alipokuwa akichagua, alimsikia dada yake kichwani: nabaka hina, amenibaka, besa hakuliba. Alielewa kila kitu kwa mara moja, kaunta, kicheko, polisi wasiokuja. Miaka yote aliyasahihisha maneno ya watu wengine kwa malipo, na yale ya Deka hakuyasikiliza hata mara moja.

Angeweza kuliruka. Hakuna ambaye angejua. Alilisema lote, hina na kicheko na kila kitu, macho yake yakiwa sakafuni.

Kwenye upande wa wanawake, Deka, aliyesikia sasa kwa Kisomali kile polisi walichokielewa, akasimama.

"Mwambie ni mimi," alisema kwa Kisomali. "Mwambie ni mimi yule fundi."

Ukumbi ukageuka. Abshiro alikuwa amemshika mwanawe pindo la buibui, kisha akaliachia.

Kadar akainua maikrofoni. "Dada huyu anasema kwamba yeye ndiye..."

"Mkalimani," wakili Mutheu akamkata. "Tangu asubuhi umesema mimi kwa kila mtu. Umekuwa sheikh, umekuwa kijana, umekuwa mama wa duka. Mbona huyu anakuwa 'dada huyu'?"

Deka alikuwa ameshaanza, anazungumza polepole, akimwachia Kadar nafasi baada ya kila sentensi, kama mtu anayemshika mkono mwenziwe kuvuka barabara.

"Mimi ninapaka hina," Kadar alisema kwa Kiswahili. "Hina hailishi nyumba. Kwa hiyo mimi pia ninauza mwili wangu."

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kijana mwenye ndevu, shati limepigwa pasi, anatangaza mbele ya sheikh kwamba anauza mwili! Watu walijipiga mapaja. Mmoja wa vijana nyuma akapiga mluzi na kuuliza bei. Hapo ndipo Kadar alipojua kidogo, kidogo sana, jinsi Deka alivyojisikia benchi la kituo cha polisi lilipomcheka.

"Anayetaka kucheka atoke nje," Sheikh Abdille alisema, bila kupaza sauti. Kicheko kikafa.

"Abdiwahab alikuwa mteja wangu," Kadar akaendelea. "Siku hiyo alitaka jambo ambalo silifanyi. Nilikataa. Alinipiga, akanibaka. Nilikwenda hospitali. Nilikwenda polisi. Nilisema nimebakwa. Sikusema nimepakwa. Kiswahili changu hakina tofauti hiyo, na afande hakuniuliza kwa lugha yangu." Akatulia, akamsikiliza Deka, akamalizia. "Sitaki mnipende. Sitaki leseni, hata mama yangu hataki. Nataka neno langu liandikwe kama nilivyolisema."

Mkuu wa kituo hakuwa na tabasamu tena. Sheikh Abdille akaomba kusema, Kadar akawa sheikh kwa mara nyingine: "Mimi mswada naupinga, na kesho nitaupinga tena. Lakini binti ameonewa, na mwenye kuonewa haulizwi kwanza dhambi zake. Andikeni kesi yake."

Hapo Mzee Korane akainuka, safari hii kwa Kiswahili, ili afande amsikie moja kwa moja. "Afande, hii mambo sisi namaliza kwa maslaha. Lakini kama wao nataka sheria, basi sheria ifanye kazi yote! Uliza nani nakula besa ya hiyo malaya. Kula hiyo besa ni kosa. Mimi nasikia kwa redio."

"Ni kweli, wakili?" mkuu wa kituo akauliza, akishukuru kupata pa kukanyaga.

"Sheria hiyo ipo," wakili Mutheu alijibu, kwa uchungu uliosikika. "Inamgusa mwanamume na mwanamke. Ni kimojawapo cha vifungu tunavyotaka vifutwe, maana kinamshika hata mama anayepikiwa uji. Lakini leo kipo."

Kadar aliyageuza hayo yote, ya Korane na ya wakili, kwa Kisomali, kwa sababu mama yake alikuwa pale na aliomba kusikia. Abshiro alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea bega la Deka, akasimama kwa awamu mbili, goti moja kwanza.

Alizungumza, na Kadar akasema: "Mimi ndiye ninayekula. Unga, mimi. Sukari, mimi. Maji ya mkokoteni, mimi. Dawa ya magoti haya, mimi. Sikuuliza pesa zinatoka wapi kwa sababu nilijua. Mwanangu alinificha ili nisione haya, na mimi nikajificha ili yeye asione haya, na Abdiwahab akapita katikati yetu. Kama kula ni kosa, nishikeni mimi. Lakini mkinishika kwa kula, mshikeni na yeye kwa alichofanya. Msichukue mmoja mkamwacha mwingine."

Kadar alijua orodha hiyo. Alijua kilichokosekana. Karo ya chuo haikutajwa, wala kitanda chake, wala simu yake. Mama alikuwa amemtoa kwenye hesabu mbele ya mji mzima, kwa makusudi kabisa.

Mkuu wa kituo alijikuna shingo. Kumtia seli bibi wa namna hii, mbele ya mawakili na sheikh, lilikuwa jambo ambalo hata yeye hakulitaka. "Mama, kaa. Wa umri wako sitamshika. Lakini mkalimani, muulize vizuri. Kuna mwanamume katika nyumba hiyo anayekula hizo pesa?"

Korane alimjua, lakini hakumtaja. Alikuwa akimtegemea Kadar awakubalie ngamia Ijumaa, na kijana aliyetajwa ukumbini hangekuwa na uso wa kukubali lolote.

Kadar akauliza. Alimuuliza mama yake kwa Kisomali, neno kwa neno, kama kazi yake ilivyotaka: hooyo, kuna mwanamume katika nyumba hiyo anayekula hizo pesa?

Abshiro alimtazama machoni, akafunga mdomo.

Mama wa duka akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Amesemaje?" mkuu wa kituo akauliza.

"Hajasema kitu."

"Muulize tena."

"Hatasema, afande," Kadar akajibu. Akaishusha maikrofoni. "Mimi."

"Mimi nani? Si umesema hajasema kitu?"

"Sitafsiri. Ni mimi mwenyewe. Kadar, ndugu yake Deka, tumbo moja. Nimekula tangu nikiwa mdogo, nimesomeshwa na yeye, na Kiswahili hiki ninachowauzia ninyi kimenunuliwa na yeye. Niandike."

Minong'ono ilianza upande wa wanaume, ikazimika yenyewe. Wakili Mutheu alivua miwani. Mkuu wa kituo, kwa mazoea zaidi kuliko kwa nia, alichomoa kalamu mfukoni, akavuta karatasi iliyokuwa mezani.

"Jina kamili," alisema.

Deka alikuwa ameshaupita upande wa wanawake. Alifika mezani, akaweka kiganja chake chenye hina juu ya karatasi kabla kalamu haijaigusa, na hakungoja mtu amtafsirie.

"Subiri, afande," alisema kwa Kiswahili. "Anza na Abdiwahab."